Kuhamisha mizinga mita 200 tu: nyuki watarudi walikotoka?

Alizeti_Manyoni

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Nina mizinga 6 ya viunzi (vile vijiti vya juu ambavyo nyuki hujengea masega), imetundikwa kwa waya kwenye miti pembeni ya shamba letu la alizeti hapa Manyoni, na yote ina nyuki. Jirani ameuza kiwanja chake, na aliyenunua ameshamwaga mchanga na kokoto. Mwezi ujao mafundi wanaanza kuchimba msingi, kama mita 30 hivi kutoka kwenye mizinga. Nimekaa naye tukaongea. Ni mwelewa, ila anahofia vibarua wake, na ana haki.

Nimepata sehemu ng'ambo ya korongo, ndani ya eneo letu hilohilo, haizidi mita 200. Ina kivuli na hakuna njia ya watu. Nafikiria kuziba milango usiku, tubebe mzinga mmoja mmoja kwa mti mabegani, alfajiri tufungue. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia nyuki watarudi. Ni kweli, hata kwa umbali mdogo namna hiyo?

Asali_Mbichi

Mkuu, hilo dogo. Ukishahamisha, ziba milango siku tatu wasitoke. Wakikaa ndani muda huo wanasahau walikokuwa. Wenzetu wa nchi za baridi wanafanya hivyo.

Fundi_wa_Sikonge

Kijana wangu, hao waliokuambia watarudi wamesema kweli, na watarudi kwa sababu umbali ni mdogo. Ungekuwa unawapeleka kilomita 10 nisingekuwa na la kusema zaidi ya kukutakia safari njema.

Kasimame pembeni ya mzinga wako saa nane au saa tisa mchana, siku isiyo na upepo. Utaona nyuki wachanga wanatoka, lakini hawaondoki. Wanageuka wanatazama mlango, wanayumba kushoto na kulia usawa wa uso wa mzinga, kisha wanazunguka duara dogo, halafu kubwa, wanapanda juu. Hapo wanasoma mahali: mti uko wapi, mwanya uko wapi, jua limekaa upande gani. Wakishasoma, hawasomi tena mpaka kitu kiwashtue au wajikute ugenini. Kesho anatoka moja kwa moja kama risasi, na akirudi anarudi pale pale aliposoma, hata kama mzinga haupo. Eneo analolijua ni la kilomita mbili tatu kuzunguka, wakati mwingine zaidi. Ng'ambo ya korongo yako imo humo ndani. Atatoka asubuhi kwenye makao mapya, atatafuta mbochi, yale maji matamu ya maua, kisha njia yake ya zamani itamrudisha kwenye mti mtupu.

Sasa fikiria mti huo mtupu uko wapi. Uko mita 30 kutoka kwa vibarua. Watafutaji wa mizinga 6 wakizunguka hapo hawana kwao, wamechanganyikiwa, na chini kuna mtu anapiga sururu na jasho linamtoka. Ulitaka kuondoa hatari, utakuwa umeiacha pale pale bila hata mzinga wa kuwarudisha ndani. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa kuliko hasara ya nyuki wenyewe.

Ndugu yangu Asali_Mbichi, kwa heshima, usimshauri mtu kuziba nyuki wetu siku tatu. Hapa si nchi ya baridi. Kundi lililojaa, mlango umezibwa, jua la Singida: watapepea mabawa mpaka wachoke, joto lipande, masega yalegee na kudondoka juu ya majana, yaani watoto wa nyuki. Na wakinusurika, siku ukifungua wanaweza kuhama wote. Kuziba ni kwa usiku wa safari tu, tena kwa wavu wa chuma unaopitisha hewa, siyo matambara.

Njia ninayoiamini ni ya hatua mbili. Wapeleke kwanza mbali, kilomita 5 au zaidi, wakae wiki tatu. Huko hawatambui chochote, kwa hiyo watasoma upya. Na katika wiki hizo wale watafutaji wazee wenye kumbukumbu ya shamba lako wengi watakuwa wamekufa, maana nyuki akishaanza kazi ya nje haishi muda mrefu. Ndipo uwarudishe ng'ambo ya korongo.

Mama_Manzuki

Shikamoo mzee. Naongezea kidogo. Huku kwetu Kibondo, asiye na pa kuwapeleka mbali huweka matawi yenye majani mbele ya mlango mpya, nyuki akitoka anakwama, anashtuka kwamba kuna kilichobadilika, anageuka kusoma. Halafu pale pa zamani unaacha sanduku tupu lenye viunzi viwili vya masega. Wanaorudi wanaingia humo, na giza likiingia unawapeleka kwa wenzao. Wengine husogeza mzinga mita moja kila baada ya siku chache.

Fundi_wa_Sikonge

Marahaba mama, na umesema vema. Matawi ayaweke hata akifuata njia yangu, yanasaidia. Kusogeza mita moja moja ni kwa mizinga iliyo juu ya stendi kwenye ardhi tambarare. Hii ya kijana inaning'inia, na katikati kuna korongo. Sanduku la kunasa nalo ningelikubali mahali pasipo na watu. Karibu na vibarua, hapana.

Alizeti_Manyoni

Shikamoo mzee, na asante mama. Baba mdogo ana shamba kijiji cha pili, kama kilomita 9. Nikodi guta? Na nivune kabla au baada?

Fundi_wa_Sikonge

Marahaba. Vuna kabla, kama wiki moja hivi, ili wapate muda wa kusafisha asali iliyovuja na kushikiza viunzi upya kwa gundi yao. Usivune yote. Waachie masega ya kula, na masega ya majana usiyaguse kabisa, kundi lenye majana haliondoki kirahisi. Lile sega jipya jeupe ni laini mno, kama lipo refu likate, litadondoka njiani.

Guta linafaa. Panga mizinga ili masega yaelekee kule gari linakokwenda, yasikingame, maana dereva akifunga breki sega lililokingama linabembea na kukatika. Wakati wa kubeba kwa mti, mzinga usilalie ubavu. Tochi ifunge kitambaa chekundu, nyuki mwanga mwekundu hauoni. Moshi uwe mwepesi na wa baridi. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, kuna aliyeuma, na harufu hiyo inawaita wenzake. Puliza moshi hapo alipouma na msiendelee mpaka watulie. Mbuzi na kuku wa baba mdogo wafungiwe mbali tangu jioni.

Waya za kule korongoni zipake grisi kabla hujawarudisha, siafu wasikutangulie. Na mwambie huyo jirani tarehe zako mapema, ili msingi usianze kuchimbwa kabla mizinga haijaondoka.