Kamera ya kuona mbali shambani: laini ya 4G, nano au kamera ya joto?

KisimaKirefu:
Wakuu, habari za humu. Nina shamba la ekari 60 upande wa Kiwangwa, Bagamoyo. Mananasi, zizi la ng'ombe na kisima chenye pampu ya sola. Umeme wa TANESCO haujafika, na mtandao wa simu upo ila wa kubembeleza. Mlinzi anakaa getini. Kutoka hapo zizi ni kama mita 250, kisima 400. Hofu yangu kubwa ni paneli za pampu, maana wezi wana njia yao ya korongoni.

Nimepewa ofa tatu. Ya kwanza ni kamera nne ndogo za sola zinazoingia laini ya 4G. Ya pili ni PTZ moja kubwa inayozunguka na kuvuta mara 25, juu ya mnara, picha zinarushwa kwa nano (vifaa viwili vya kurusha mtandao hewani bila waya) hadi kwa mlinzi. Ya tatu ni kamera ya joto, inayoona joto la mwili badala ya mwanga, hiyo bei yake ilinifanya nitafute kiti. Muuzaji anaapa ile ya pili "inaona mita 500". Naomba mwongozo.

fundi_nguzo:
Mkuu, muulize inaona NINI kwa mita 500. Kuna kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, toleo la 2014, kinachohesabu pikseli (vidoa vinavyounda picha) kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita, unajua kuna mtu. 125, unamtambua kama ni mtu unayemfahamu. 250, unamtambua hata kama hujawahi kumwona.

Sasa piga hesabu. Kamera ya megapikseli 8 ina pikseli 3,840 kwa upana. Gawa kwa 250, unapata mita 15 na kidogo. Kwa lenzi ya mm 4 (mm zikiongezeka inaona mbali zaidi ila eneo jembamba), ambayo ndiyo mafundi wengi wanafunga, upana huo unaufikia mita nane tu mbele ya kamera! Mtu akisimama mita 100 hapo hata kusema ni mtu au ndama ni kubahatisha. Umbali unatoka kwenye lenzi, msidanganyike na megapikseli.

PTZ ya kuvuta mara 25 kwa kawaida inafika mm 120. Ikivutwa yote, kwenye mita 100 inachukua upana wa mita nne au tano, kwa hiyo hata ya megapikseli 2 inakupa sura. Tatizo ni kwamba ikitazama zizi, kisima hakina mtu.

MamaKorosho:
Mimi natumia hizo ndogo za laini, mikorosho yangu iko Nachingwea. Kaka, jua jambo moja: zile za betri zinalala. Kihisi joto chake kinashtuka mtu akiwa mita kumi hivi, akipita mita 40 kamera inaendelea na usingizi wake. Usizielekeze uwanjani, zifunge njiani, pale ambapo lazima mtu apite.

Na buibui! Usiku wadudu wanazunguka kamera, buibui naye anafuata chakula, anatega utando mbele ya lenzi. Simu inalia usiku kucha, ukifungua unakuta mguu wa buibui mkubwa kama nguzo. Kijana wangu anapitisha kitambaa kila akienda kukagua.

KisimaKirefu:
Dada, bando je?

MamaKorosho:
Bando linalotumika ni dogo, kwa sababu inatuma vipande vifupi tu.

fundi_nguzo:
Ila usijaribu kurusha picha muda wote kwa laini. Picha ya megabiti 4 kwa sekunde inakula GB 1.8 kwa saa, siku nzima GB 43. Rekodi kwenye memori kadi, tazama unapohitaji. Nano haina bando, hilo ndilo tamu lake, lakini zionane uso kwa uso. Mwembe mmoja katikati unakukatia mawasiliano. Waya usiufikirie kabisa, kebo ya mtandao mwisho wake mita 100.

Bonde_la_Athi:
Niko Kajiado. Hiyo ya joto msiikejeli. WWF, shirika la uhifadhi, na FLIR, kampuni ya kamera za joto, waliziweka Maasai Mara mwaka 2016 kwa ajili ya majangili wa usiku, na kazi zilifanya. Giza halizisumbui. Lakini hazikupi uso wala namba ya gari, na kwako kuna ng'ombe: wote wana joto, kengele italia hadi mlinzi aizime. Ningekuwa na ranchi kubwa ningenunua. Ekari 60, hapana.

Hesabu ya stima mmefanya? PTZ na nano pamoja, tuseme wati 25, ni Wh (wati-saa) 600 kwa siku. Betri ya jeli ya 12V, Ah 200 ina Wh 2,400, na ukiitunza unatumia nusu. Siku mbili za mawingu na imeisha.

fundi_nguzo:
Masika ya Bagamoyo hiyo haitoshi. Halafu kwa hiyo PTZ utafunga paneli nyingine za kulinda paneli za kwanza 😂

KisimaKirefu:
😂😂 Basi naanza na tatu za laini: moja kisimani, moja njia ya korongo, moja zizini. PTZ itasubiri msimu ukienda vizuri. Nguzo niweke futi 20?

fundi_nguzo:
Futi 20 utapiga picha za kofia. Ya njiani ifunge mita 2.5 hadi 3, uso uonekane. Ya kisimani iweke juu zaidi, na ya korongo iiangalie, ili atakayeivunja moja aonekane kwenye nyingine. Usisahau ethi, yaani waya wa kushusha umeme wa radi ardhini, radi za huko unazijua. Na weka kibao kwamba kuna kamera. Tangu Mei 2023 sheria ya taarifa binafsi inafanya kazi, kwa hiyo usielekeze lenzi kwa jirani.

MamaKorosho:
Na laini isajiliwe kwa jina lako, si la fundi.