Wazee Waende Kisumu (Baba na Mama hawamo humu 🤫)

*Jumanne jioni*

Achieng: Haya, humu Baba na Mama hawamo, nimehakikisha mara mbili. Julai wanatimiza miaka 35 ya ndoa. Blanketi tumewapa, sufuria tumewapa, picha ya fremu ndiyo ile imefunika ufa ukutani. Mwaka huu tuwape wikendi. Wawili tu, Kisumu, Ijumaa hadi Jumapili. Semeni.

Odhi: Naunga mkono. Hata ratiba nimeshaipanga. Ijumaa watoke Nakuru jioni, wafike usiku, wale samaki ufuoni Dunga. Jumamosi asubuhi hifadhi ya wanyama ya Impala, kisha makumbusho, kisha Kit Mikayi, jioni mashua wakitazama jua likizama, usiku muziki. Jumapili soko la Kibuye, kisiwa cha Ndere, halafu warudi.

Awuor: Odhi, hao ni wazee wawili ama ni darasa la saba limeenda ziara? 😂

Shemeji Wafula: Hata dereva wa basi la shule angegoma.

Anti Akinyi: Nyathina, mwanangu, asante kwa moyo wako, lakini hiyo karatasi tuikunje kwanza. Naanza na Kit Mikayi. Jina lenyewe ni jiwe la mke wa kwanza, mzee alikuwa akishinda pale hadi mkewe akaona ana mke mwenza wa mawe. Sasa ndiyo mnampeleka Mama yenu huko kusherehekea ndoa?

Odhi: 😂😂 Sikufikiria hivyo

Anti Akinyi: Hilo ni la utani. La kweli ni hili: Kit Mikayi iko Seme, na Seme ndiko dala, nyumbani kwetu. Ndugu yangu akishapita njia panda ya Kisian akakunja kushoto barabara ya Bondo, hawezi kupita boma la babake bila kuingia. Akiingia, kuna matanga mahali, kuna harambee ya paa la kanisa, kuna mpaka wa shamba unaongojewa usuluhishwe. Wikendi imeisha hapo. Wabaki upande huu wa Kisian, na mtu yeyote asiseme kwenye kile kikundi kikubwa cha ukoo. Mimi mwenyewe nitajifanya sijui. Nitawaona Jumapili saa nne, kwa dakika ishirini tu, nikiwa na njugu zao.

Achieng: Anti umemaliza. Kit Mikayi nje. Ndere pia nje?

Anti Akinyi: Ndere ni mwendo wa mashua wa kutosha na kutembea kwenye jua. Magoti ya Mama hayajaomba hiyo kazi. Na makumbusho Baba ameyaona tangu yafunguliwe 1980, atawasimulia nyinyi, hahitaji kusimuliwa.

Odhi: Basi angalau mashua ya jioni iachwe. Jua kuzama ziwani, hiyo ndiyo mapenzi yenyewe

Anti Akinyi: Jua watalitazama, lakini wakiwa wamekaa kwenye viti nchi kavu. Sikiliza kwa nini. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kuja huku. Kufika saa tisa, saa kumi, mawimbi yamesimama na mashua inapiga kofi kila hatua. Na siku nyingi mawingu yanajikusanya upande wa milima ya Nandi, jioni yanashuka na radi. Mashua ndogo, wazee wawili, radi juu ya maji wazi. Hapana.

Mashua iwe Jumapili alfajiri. Julai jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika 40 hivi. Wawe Dunga saa kumi na mbili na nusu. Saa hizo ziwa limelala, unaona mafunjo yamejichora chini yake kama kwenye kioo. Mwenye mashua akizima injini karibu na mafunjo unasikia ndege tu, na furukombe yuko juu ya mti anaita. Muda wa saa moja unatosha. Viboko nao wakati huo wamesharudi majini, unaona masikio na pua. Mashua isiwasogelee, na mwenye mashua akianza kujionyesha, Baba amwambie hapana.

Awuor: Jaketi za kuelea?

Anti Akinyi: Wavae KABLA ya kukaa, na zifungwe kamba zote, si kutupiwa mabegani. Zile zisizo na kifungo wabadilishiwe. Bei waelewane nchi kavu: ni ya mashua nzima au ya kila kichwa, ni ya saa moja au ya safari, mafuta yamo au hayamo. Ugomvi wote pale huanzia kwenye hayo maswali matatu ambayo hayakuulizwa. Na Jumamosi jioni mwenye mashua apigiwe simu aulizwe magugu maji yako wapi. Upepo unayasukuma, leo ghuba iko wazi, kesho ni zulia la kijani hadi ufuoni. Yakijisokota kwenye propela injini inazima, mtu anainama na kisu kuyakata, na nyinyi mnangoja tu.

Shemeji Wafula: Barabara niachieni mimi. Ijumaa jioni pia hapana. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 190, saa nne kwa mtu asiyekimbia. Ukitoka jioni unakutana na malori Salgaa gizani, ukungu Mau Summit, na mvua ya Kericho ambayo kwa kawaida ni ya alasiri. Watoke saa mbili asubuhi. Saa nne na nusu hivi wako Kericho, wanyooshe miguu, chai. Saa saba wako Kisumu.

Shemeji Wafula: Breki. Baada ya Kericho kuelekea Awasi unashuka muda mrefu. Kisumu iko mita 1,131 tu, Kericho iko juu karibu ya 2,000. Baba ana tabia ya kukanyaga breki mteremko mzima. Zikipata joto zinalegea, kanyagio linaanza kwenda chini. Ashuke kwa gia ndogo, breki aguse tu na kuachilia. Hilo nitamwambia nikimpelekea gari, ataona ni maongezi ya kawaida. Magurudumu na maji ya rejeta nitaangalia Alhamisi.

Achieng: Na sweta. Mau ni baridi, Kisumu mchana ni nyuzi 29, 30. Mama atafunga begi la baridi peke yake nisipomchungulia.

*Jumanne usiku*

Odhi: Sawa nimenyang'anywa ratiba. Hoteli je? Nimeona moja ina bwawa na wanatandika maua ya waridi kitandani

Anti Akinyi: Maua mama yako atayafagia.

Awuor: 😭😭😭 Atauliza ufagio mapokezi

Achieng: Hoteli nitapiga simu mimi. Nipeni maswali.

Anti Akinyi: Eneo liwe Milimani au kule kuelekea Dunga, si katikati ya mji. Swali la kwanza: Jumamosi kuna muziki? Wengine wana baa chini na disko hadi saa tisa usiku, na hawakuambii mpaka uulize. Kama upo, chumba kiwe upande wa pili na ghorofa ya juu, lakini uliza lifti, au ngazi ni ngapi. Pili, "kinatazama ziwa" maana yake nini? Kitandani unaliona, au ni mpaka utoke ukapinde shingo kwenye kona ya roshani? Waombe picha iliyopigwa leo kutoka dirisha la chumba hicho hicho. Tatu, stima ikipotea jenereta inawasha feni na maji ya moto, au taa za ukumbini tu?

Shemeji Wafula: Na kitanda. Ukisema "dabo" wengine wanasikia watu wawili, wanakupa vitanda viwili vya futi tatu na kabati katikati. Sema kitanda KIMOJA, na useme futi.

Achieng: Naandika. Kuingia na kutoka?

Anti Akinyi: Wengi ni kuingia saa nane, kutoka saa nne. Jumapili wakitoka mashuani waoge, wale kiamsha kinywa, saa nne ni mapema. Omba hadi saa sita SASA, unapolipa. Ukiomba Jumapili asubuhi wanakutoza. Na amana ilipwe kwa paybill ya hoteli, jina lisome hoteli kabla hujaweka pini. Ukipewa namba ya mtu binafsi, acha.

Awuor: Mimi na mambo ya afya, mtanisamehe. Wazee wameishi Nakuru miaka mingi, kinga ya malaria waliyokulia nayo imeisha, wasijidanganye ati ni wenyeji. Kisumu malaria ipo mwaka mzima. Neti iwe kitandani, muulize na hilo hotelini. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mikono mirefu na soksi, mafuta ya kufukuza mbu kwenye vifundo vya miguu. Dawa ya kumeza ya kujikinga Baba amuulize daktari wake kwanza kwa sababu ya zile za presha. Na wakirudi, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ni kupimwa siku hiyo hiyo, si panadol.

Awuor: Halafu ziwa lina kichocho. Wasiingize miguu majini, hata kwa picha. Mashua waipande kutoka gatini au ivutwe hadi mchanga mkavu. Ile ya kuvua viatu na kukanyaga maji ya kina kifupi kwenye nyasi ndiyo mbaya kabisa, konokono wenyewe wanaishi hapo. Wakilowa wajikaushe na taulo mara moja, ingawa hiyo si kinga ya kutegemea.

Odhi: Awuor umegeuza fungate kuwa kliniki

Awuor: Karibu tena 🙂

Achieng: Jua kuzama. Wakae wapi?

Anti Akinyi: Jumamosi, upande wa Hippo Point, kwenye meza ya mkahawa. Julai jua linazama saa kumi na mbili na dakika 50. Wafike saa kumi na moja na nusu maana Jumamosi meza za mbele huisha. Meza uipigie simu asubuhi. Likishazama wasiende kutembea kando ya maji, hata mwezi ukiwa mzuri namna gani. Kiboko anatoka usiku kula majani, na ukisimama kati yake na ziwa hatakuzunguka. Wapande tuktuk moja kwa moja hadi hotelini, gari libaki limeegeshwa. Na wakifika chumbani wazime taa kabla ya kufungua dirisha, wale wadudu wadogo wa ziwa wakiona mwanga wanaingia kama moshi.

Odhi: Na samaki? Niruhusuni hata samaki tu

Anti Akinyi: Samaki ni Jumamosi mchana, Dunga, na wewe ndiye utapiga simu. Ukifika bila kuagiza unangoja dakika 45 na njaa inaanzisha maneno. Agiza saa nne asubuhi, chakula saa saba. Ngege (tilapia) mmoja mkubwa wa kugawana, si wadogo wawili, mdogo ni miiba mitupu. Mkavu kwanza kwenye mafuta hadi ngozi ishike, kisha aingie kwenye kitunguu na nyanya, moto mdogo, asigeuzwegeuzwe. Ugali wa wimbi. Osuga, yaani mnavu, iwe imechemshwa na maziwa, la sivyo Mama ataacha. Kumchagua hakuna haja ya kumfundisha baba yako, atafunua shavu mwenyewe aone kama ni jekundu.

Baada ya hapo chumbani, feni, usingizi hadi saa kumi. Hakuna kingine Jumamosi. Asubuhi wakitaka, Impala pale karibu: ni hekta 34 tu, tambarare, swala wanatembea huru, na kuna sitatunga, swala wa kinamasi. Saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali. Malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, hawapokei pesa taslimu langoni, kwa hiyo Achieng ulipe wewe na umtumie Baba tiketi kwenye simu.

Achieng: Kwa hiyo Jumamosi nzima ni swala, samaki, usingizi, jua.

Anti Akinyi: Na ni nyingi.

*Jumatano asubuhi*

Achieng: Hesabu. Kilomita 380 kwenda na kurudi, ongeza 40 za huku na huku, 420. Gari linakula lita moja kwa kilomita 10, lita 42. Tukikadiria 185 kwa lita ni 7,770. Chumba tusizidi 8,500 kwa usiku, mbili ni 17,000. Chakula 6,000. Mashua 2,500. Tuktuk 1,000. Impala na dharura 2,000. Jumla 36,270. Tuko watano, 7,300 kila mtu.

Shemeji Wafula: Mimi na wewe si mfuko mmoja?

Achieng: Kwa hili hapana.

Odhi: Ng'ombe nani atamkamua? Mama hatoki nyumbani kule Bahati, Nakuru, bila jibu la ng'ombe

Achieng: Wewe. Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Na ufike Alhamisi akuone ukikamua, ndipo atapanda gari. Kuku wafungiwe saa kumi na mbili na nusu.

Odhi: Mimi ndiye niliyetoa wazo la waridi jamani

Awuor: Na ndiyo maana 😂

Shemeji Wafula: Jumapili watoke Kisumu saa sita kamili. Mchele wanunue Ahero, uko njiani, na waupate mapema wasisimame mara tatu. Samaki wa kuja nao awe kwenye kasha la barafu, mkia usijitokeze. Kiti cha nyuma bado kinakumbuka wa mwaka jana.

*Jumatano saa nane mchana*

Achieng: Nimepiga hoteli nne. Mbili zina disko. Ya tatu picha ya dirisha ilionyesha tangi la maji. Ya nne Milimani, ghorofa ya kwanza, ngazi 14, ziwa linaonekana kitandani, neti ipo, jenereta inabeba feni, kutoka saa sita bila malipo. 8,200 na kiamsha kinywa. Nimetuma amana, jina limesoma hoteli.

Shemeji Wafula: Kitanda?

Achieng: Kimoja. Futi sita kwa sita.

Anti Akinyi: 7,300 nimetuma. Angalia.