Melanoma: mgonjwa apewe dawa ya zamani ili tulinganishe, ni haki?

Jamani tulijadili hili. Wengi wanasema jaribio la dawa lazima liwe na kundi linalopewa dawa ya zamani, bila hivyo hatujui kama mpya inafanya kazi, na mimi nakubali kabisa ila nauliza, ya zamani ipi?

Chukua vidonge vya vemurafenibu. Melanoma ni ile kansa ya ngozi inayosambaa mpaka mapafu na ubongo, na karibu nusu ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya BRAF, seli inaambiwa igawanyike tu bila kukoma, hivi vidonge vinaizima hiyo amri. Agosti 2010 yakatoka majibu ya mwanzo, wagonjwa 32 wenye hiyo hitilafu, uvimbe ukasinyaa kwa 26, kansa iliyoshasambaa hiyo! Na mwaka huohuo kulikuwa na jaribio kubwa la watu 675 linaendelea, kompyuta inakupanga, nusu vidonge, nusu dripu ya dakabazini, dawa ya zamani ambayo madaktari wenyewe walishaijua kwamba haifui dafu, na kweli uvimbe ulipungua kwa 5% tu ya wagonjwa wa dripu, wa vidonge 48%. Ukiwa kwenye dripu na ugonjwa ukazidi hukuruhusiwa kuhamia vidonge, mpaka Januari 2011 ndo ikaamuliwa waruhusiwe. Hao waliozidiwa kabla ya hapo je?

Sisemi majaribio yafutwe. Vemurafenibu peke yake baada ya miezi kadhaa kansa inarudi, unafunga mlango wa mbele inapita wa nyuma, ndo wakaja na dawa mbili pamoja, dabrafenibu inazuia BRAF na trametinibu inazuia MEK, protini inayopokea hiyo amri kutoka BRAF. Mtu yeyote angedhani dawa mbili ni madhara mara mbili. Wakalinganisha wagonjwa 704: waliotumia vemurafenibu peke yake 18% walipata kansa nyingine ndogondogo za ngozi, kwa dawa mbili ni 1% tu! Homa kweli ilizidi, dawa mbili 53%, moja 21%, lakini baada ya mwaka walio hai walikuwa 72% kwa dawa mbili, 65% kwa moja. Bila kulinganisha nani angejua? Na angalia, kundi la kulinganisha hapa lilipewa dawa inayofanya kazi, na 2014 matokeo yalipoonekana wazi jaribio likasimamishwa mapema wakaruhusiwa kuhamia dawa mbili. Hivi ndo inavyotakiwa.

Najua hoja ya upande wa pili, kwamba watu wakihama hutajua tena dawa imerefusha maisha kwa kiasi gani. Ni kweli hesabu inavurugika, lakini muda mpaka ugonjwa kuzidi unaupima kabla mtu hajahama, na mimi bora hesabu yenye ukungu kuliko mtu afe na dripu wakati vidonge vipo kabatini. Ruhusa ya kuhama iandikwe kwenye fomu ya ridhaa toka siku ya kwanza.

Anayepinga aseme: aliyezidiwa anyimwe kwa muda gani, na nani wa kuamua?