Watangazaji wa mpira kwenye TV, mnatutangazia au mnatughania?

Wakuu, hapa Kigoma ukitaka ugomvi usitaje Simba na Yanga, we sema tu utangazaji wa mpira wa siku hizi umeharibika. Vijana watakurukia, wanasema ndo umenoga. Mimi niko na wazee ila sababu zetu tofauti.

Wazee wa Ujiji wanalalamikia maneno, eti "asisti" (pasi ya goli), eti "kupresi" (kumbana mwenye mpira). Mi hayo hayanisumbui, penalti na kona nazo zilikuja hivyohivyo na hakuna aliyekufa. Kinachonikera ni mtu wa TV kutangaza kama yuko redioni. Enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, watangazaji kina Ahmed Jongo na marehemu Charles Hilary walikuwa ndo macho yetu, lazima wakwambie mpira uko kwa nani, anaambaa na winga ipi, nani anashambulia goli la kusini, maana wewe uko na redio yako Mwandiga huko huoni kitu. Sasa televisheni ya ITV ikaja 1994, Azam TV wakaanza kutuonyesha ligi msimu wa 2013/14, picha safi kabisa, halafu mtu ananiambia "beki anarudisha kwa kipa". Asante kaka, nimeona! Na akishajua kwamba tunaona ndo anajazia mashairi, vijembe na majina ya utani, goli linaingia yeye bado yuko kwenye beti la pili.

Chukueni fainali ya Kombe la FA 2021, Simba na Yanga, iliyopigwa hapahapa uwanja wa Lake Tanganyika. Yanga wako pungufu, Mukoko Tonombe kala nyekundu, inapigwa kona Taddeo Lwanga anatia kichwa, Simba 1-0. Kichwa wote tumekiona. Mi nilikuwa nataka mtu anieleze baada ya Mukoko kutoka nani alitakiwa kumkaba Lwanga kwenye kona, hapo ndo namhitaji mtangazaji, sio kwenye vina.

Kuna jamaa wa Mwanga hapa mjini kasema kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira, kikijaa waliokaa nyuma wanaona visogo tu, bila mtangazaji wa kuongea mfululizo wamepigwa hela yao. Hapo kanibana kidogo, sikatai.

Ila nyie mnaotaka kelele dakika 90 nijibuni hili moja, Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakiwa nyumbani mtangazaji akafunga mdomo hata sekunde kumi tukawasikia mashabiki wetu, mnapungukiwa nini?