Nyumba ya mirathi Magomeni, Mtwara: je, tulipe nusu ya bei sasa?

Mpangaji wa Naliendele

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mke wangu ni muuguzi. Tangu tufunge ndoa tunaishi katika nyumba ya kupanga hapa Naliendele, huku tukiweka akiba kwenye SACCOS kwa ajili ya makazi yetu wenyewe. Sasa tumepata nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Magomeni, mjini Mtwara, iliyokuwa ya mzee mmoja ambaye ni marehemu, na anayeiuza ni mtoto wake mkubwa wa kiume kwa shilingi milioni 38. Nyaraka alizotuonyesha ni ofa ya zamani, yaani barua ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja, yenye jina la baba yake, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa mhuri wa serikali ya mtaa.

Anataka tumlipe nusu ya fedha kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maelezo kwamba minada ya korosho ikishaanza Oktoba watajitokeza wanunuzi wenye fedha taslimu na bei itapanda. Je, tulipe?

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha na ameahidi kutuongezea milioni 5, anashauri mkataba uandikwe jina langu peke yangu ili nyumba isije ikaangukia upande wa ukoo wa mke. Mama mkwe amesikia na hakufurahi. Naomba ushauri wenu kwa yote mawili.

Karani Mstaafu, Lindi

Marahaba, mdogo wangu. Msilipe hata shilingi moja kwa sasa.

Muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu yeyote mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Kazi yake ni kumpendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua msimamizi huyo ni mahakama, na uteuzi wa mahakama ya mwanzo huandikwa kwenye Fomu Namba 4. Mwambieni muuzaji awape nakala ya fomu hiyo, kisha msiridhike na nakala. Nendeni wenyewe mahakamani mkamwombe karani awaangalizie namba ya shauri, jina la aliyeteuliwa, na kama kuna pingamizi lolote lililowekwa. Iwapo aliyeteuliwa ni dada yake au mjane wa marehemu, basi mtu mnayejadiliana naye bei si muuzaji, hata angekuwa mkubwa kuliko ndugu zake wote.

Nasisitiza hili kwa sababu ya hali ya kwetu. Mzee wa mjini Mtwara anaweza kuwa na mke mwingine Newala au Tandahimba, watoto ambao hawajawahi kufika Magomeni, na wapwa wanaoamini kwamba kwa desturi ya upande wa mama wana sauti katika mali ya mjomba wao. Sheria ya ukomo inatoa muda wa miaka 12 kudai ardhi, kwa hiyo mrithi aliyerukwa leo anaweza kufika mlangoni kwenu mtoto wenu akiwa darasa la tano, na mahakama ikamsikiliza. Ndiyo maana hata msimamizi akiwa halali, ombeni mjane na warithi wote watu wazima waridhie mauzo kwa maandishi na kusaini mbele ya wakili.

Baada ya mahakama, nendeni ofisi ya ardhi. Ulizeni kama ofa ile ni halali, kama namba ya kiwanja na kitalu zinalingana na ramani ya upimaji, kama kuna zuio au mkopo juu yake, na deni la kodi ya pango la ardhi limefikia kiasi gani. Kisha mwombeni mpima awaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zilipo, kwa maana choo au ukuta wa uani uliojengwa ndani ya kiwanja cha jirani huwa hauonekani kwenye karatasi. Kwa gharama, hesabuni ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na andikeni kwenye mkataba kwamba kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya mauzo, italipwa na upande wa muuzaji. Mkiambiwa mtaani kwamba asilimia 10 ya bei ni haki ya ofisi ya mtaa, ombeni mwonyeshwe sheria inayosema hivyo na mpewe risiti ya serikali; mimi katika sheria zetu za ardhi sijaiona.

Hoja ya korosho ina ukweli wake, kwa kuwa fedha za minada hubadilisha kweli bei za mjini. Lakini mwenye fedha za korosho naye atakutana na ofa hiyohiyo yenye jina la marehemu.

Fundi Mwashi, Mikindani

Mwalimu, naongeza la upande wangu. Katika miji yetu ya pwani chumvi hula nyumba kimyakimya. Angalia chini ya linta za madirisha: ukiona ufa mwembamba unaofuata nondo, wenye rangi ya kutu, gonga hapo kwa sarafu, na plasta ikitoa sauti ya utupu ujue nondo imeshavimba ndani. Unga mweupe kwenye ukuta wa chini unaonyesha unyevu au mchanga wenye chumvi. Panda darini ukague kenchi kwa mchwa, na uwaulize majirani maji yalifika wapi mvua kubwa za mwisho ziliponyesha. Matengenezo yote hayo yatolewe kwenye ile milioni 38.

Mama Chikongola

Mwanangu, mjomba aliyekusomesha anastahili heshima yako yote, na mchango wake unaweza kuandikwa kama zawadi au kama mkopo ili usije ukazua maneno baadaye. Lakini mke wako anatoa mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya nyumba hii, na sheria inalitambua hilo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa ajili ya wanandoa wote ni yao wote, isipokuwa nyaraka ziseme wazi vinginevyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Andikeni majina mawili. Kisha mfuate mjomba wewe mwenyewe, usimtume mtu na usimpigie simu, umweleze kwamba majina mawili yanawalinda wajukuu zake dhidi ya ndugu wa pande zote mbili endapo mmoja wenu atatangulia. Nimewaona wajane wengi wakitolewa nyumbani, na sitaki mke wako awe mmoja wao.

Mpangaji wa Naliendele

Ninawashukuru sana. Leo jioni nimemwomba muuzaji Fomu Namba 4, akajibu kwamba shauri la mirathi bado halijafunguliwa. Tumemweleza kwamba tutaendelea na mazungumzo msimamizi atakapoteuliwa, na kwa mjomba nitakwenda Jumamosi pamoja na mke wangu.

Karani Mstaafu, Lindi

Mmefanya vyema. Wakati mkisubiri, fedha zibaki SACCOS, na msikubali kuandikishana naye hata karatasi ya kishika uchumba.