Kitovu kikubwa kuliko tumbo: tupeane uzoefu wa nyongeza zilizozidi bei ya kitu chenyewe

Wakuu, habari za majukumu.

Mwaka wangu wa kwanza Korea Kusini nilipanga chumba jirani na bibi mmoja mjane. Novemba ilipofika, msimu wa kimjang, yaani siku za kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, ya kulia majira yote ya baridi, akaniita nikamsaidie. Kimjang ni kazi ya familia na majirani, watu wanaizunguka beseni moja, na UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nikapita sokoni, nikakuta kabichi za Kichina zimeshuka bei, nikachukua vichwa 10 kwa won 30,000.

Tukazipasua, tukazitia chumvi, zikalala hadi asubuhi. Halafu tukaenda dukani kununua vya kupaka. Pilipili nyekundu ya kusaga iliyolimwa Korea, kilo 2, peke yake ilipita bei ya kabichi zote maradufu. Bado uduvi wa chumvi, vitunguu saumu, tangawizi, figili, vitunguu majani, mchuzi wa samaki na vyombo vya kuhifadhia. Tuliporudi bibi akaiweka risiti mezani, akaisoma kutoka juu hadi chini, akajigusa tumboni na kusema: "Bae-boda baekkobi deo keune."

Neno bae nililijua kwa maana moja tu, peasi, na pale mezani kulikuwa na mapeasi mawili makubwa yakisubiri kukunwa kwenye mchanganyiko. Nikamsogezea moja. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akanionyesha kitovu chake juu ya sweta. Bae ni peasi, ni mashua, na pia ni tumbo. Alichosema ni kwamba kitovu kimekuwa kikubwa kuliko tumbo. Ndiyo methali ya Wakorea pale nyongeza zinapogharimu kuliko kitu chenyewe, na utaisikia sokoni, ofisini, hata kwenye habari za televisheni.

Sisi tuna "sikio halipiti kichwa", ila hiyo tunaitumia kumkumbusha mdogo asijifanye mkubwa. Mkorea yeye anakwambia sikio limeshapita, na bili unayo mkononi.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila mwaka vijana wetu wanakuja huku kusoma, na maswali yao ninayoyapokea ni ya tumbo tu: ada, tiketi, kodi ya chumba. Naumia nikiwaona mwezi wa pili wamekwama. Leteni visa vyenu, vya huku na vya nyumbani. Taja kitu, na taja kilichokizidi.

Mdau wa Daejeon:
Mimi ni kabati la nguo. Mwanafunzi aliyekuwa anaondoka aliliacha bure. Kulihamisha ikabidi nikodi kigari, na kwa kuwa ngazi za jengo letu ni nyembamba, likapandishwa kwa sadari-cha, lile lori lenye ngazi ndefu inayoegemea dirishani kwa nje. Mlango wa kabati ukawa hauingii vizuri, nikaumaliza mwaka nimeufunga kwa kamba. Siku ya kuhama nikataka kuliacha chini ya jengo, mlinzi akanizuia kwa upole. Huku samani kubwa huitupi hivihivi. Unalipia stika kwa mamlaka ya mtaa, bei inafuata aina na ukubwa wa kitu, unaibandika, ndipo wanakuja kuchukua siku uliyopangiwa. Hata taka za kawaida zina mfuko wake wa kununua, utaratibu upo tangu mwaka 1995. Kwa hiyo kabati la bure nililipia kuingia na nikalipia kutoka. Vijana, ukipewa kitu cha bure huku, uliza kwanza kama kina stika.

Dada wa Busan:
Kuletewa chakula. Wenyeji wazee wanasimulia kwamba mgahawa wa Kichina ulikuwa unakuletea bakuli la jajangmyeon, tambi za mchuzi mweusi, mpaka mlangoni bila nyongeza, unakula, unaliacha bakuli nje, wanarudi kulichukua. Sasa kuna ada ya kuleta, na kuna kiwango cha chini cha kuagiza. Nilitaka supu ya mtu mmoja, nikaongeza maandazi ya nyama na soda ambavyo sikuvihitaji ili tu nifikie kiwango, halafu juu yake ada. Siku hizi navaa koti nafuata mwenyewe.

Mwananairobi:
Hapa nataka niseme kwa uchungu kidogo, maana ufadhili wa serikali ya Korea unagharamia ada, nauli, posho na mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Kuomba ni bure. Lakini nakala za vyeti zigongwe muhuri na wakili, zipitie wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya wazazi kuonyesha uhusiano, matokeo ya chuo, kila karatasi na safari yake. Wakati ule nilikuwa naishi nje ya Nairobi, nililala mjini usiku tatu kwa ajili ya mihuri. Nauli, malazi na bahasha ya kutuma kwa kasi vilimaliza akiba ya mamangu ya mbuzi wawili. Mwaka ule sikupata. Nilipata mwaka uliofuata, na vyeti vya kwanza viliniokoa kwa sababu nilikuwa nimeomba nakala za ziada. Anayejiandaa aanze mihuri mapema, na aweke fungu lake kando.

Mdau wa Temeke:
Mkuu, huku Dar kitovu chetu ni gari la mtumba kutoka Japani. Unaona bei mtandaoni, unamwambia mke tumepata gari. Mimi nililipa gari na meli, nikadhani nimemaliza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unakuja ushuru wa bidhaa, na gari likizidi miaka 8 unaongezwa kodi ya uchakavu. Kisha VAT ya asilimia 18 haikokotolewi kwenye bei ya gari peke yake, inakokotolewa juu ya thamani ikiwa imeshajumlishwa na hizo kodi. Na thamani yenyewe si lazima iwe ile ya ankara yako. Gari langu lilikaa bandarini natafuta mkopo, gharama za kuhifadhi zikawa zinahesabu siku. Bibi wa mleta uzi angelielewa hili bila mkalimani.

Dada wa Busan:
Pole sana kaka. Uliligomboa lakini?

Mdau wa Temeke:
Nililigomboa, dada. Baada ya kuuza kiwanja.

Mdau wa Incheon:
Langu linaenda upande mwingine kidogo. Nilipojifungua huku, mama alinitumia doti moja ya khanga kutoka Tanga. Gharama ya kuituma ilikuwa karibu mara nne ya bei ya khanga, na nilipomuuliza alikozitoa pesa hizo alinijibu nimlaze mtoto. Jirani yangu Mkorea alikuja kuniletea supu ya mwani, wanayompa mzazi, akaiona stakabadhi ya posta mezani, akasema maneno yaleyale ya baekkop, yaani kitovu. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamfunga mtoto mgongoni kwa ile khanga, tukanywa supu tukiwa tumesimama, maana mtoto alikuwa ndiyo kwanza amesinzia. Sasa anatimiza miaka 6 na khanga ile ndiyo shuka lake, hakubali nyingine.