Yah: Namba ya mzigo wa Mwanza haisogei

Ndugu zangu, nimemtumia mama miwani na dawa ya kuchua magoti kutoka Leeds, sasa wiki ya tatu. Nikiangalia mtandaoni ni yaleyale: "umepokelewa". Mama ananiuliza kila siku. Je, umeibwa? Aliye Mwanza anisaidie.

*

Dada, pole sana. Mimi niko Kirumba, na mizigo ya wengi wenu naichukua mimi. Naomba tusimlaumu mtu kwanza.

Namba uliyonitumia inaanza na U. Jibu liko hapo. Namba ya posta ya kimataifa ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka: yako GB, ya kwetu TZ. Ile herufi ya kwanza ndiyo inayosema umelipia nini. R ni rejista, yaani mzigo uliosajiliwa, C ni kifurushi, E ni EMS, ile huduma ya haraka ya posta. U ni kwa ajili ya forodha tu, haikuahidi kufuatiliwa njiani. Mzigo waweza kuwa kwenye gari la kuja Mwanza sasa hivi na skrini isikwambie neno.

Hata wa rejista, skana haiuoni ukitembea. Inaandika tu kwamba saa fulani, ofisi fulani, mistari ya kwenye lebo imesomwa: umepokelewa, umetoka nchini, umeingia Tanzania, uko forodhani, umefika ofisi ya kukabidhi, umekabidhiwa. Katikati ya hapo ni kimya. Mtu akiandika "zawadi" bila kutaja kilichomo na thamani yake, anajitafutia kukwama forodhani.

Na jamani, "umefika ofisi ya kukabidhi" si "umekabidhiwa"! Kuna kaka aliona "umefika", akampigia baba yake wa Igoma akimgombeza kwamba mzigo anao na hasemi. Mzee aliumia sana. Nilipanda naye daladala hadi posta. Njiani nikaiingiza namba kwenye simu, nikakosea, 3 nikaandika 8, ikakataliwa palepale. Tarakimu ya tisa ndiyo inayolinda: zile nane za mwanzo huzidishwa kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 11, na kinachobaki ndicho kinachoamua ya tisa iwe ipi. Dirishani mzee akatoa kitambulisho, karani akapiga skana, mzee akasaini taratibu, jina zima. Hatujafika stendi, mwanawe kapiga simu kuomba radhi: ameona "umekabidhiwa".

Safari ijayo omba rejista au EMS, na uisome herufi ya kwanza kabla hujaondoka dirishani. Lebo ikae upande ulio bapa, isikunjwe konani. Pamoja na S.L.P. andika simu ya mama. Risiti usiitupe: madai hufunguliwa huko ulikotumia, ndani ya miezi sita.

*

Asante sana kaka. Kumbe ile bei nafuu ndiyo hiyo U. Risiti ninayo. Sasa huu uliokwisha kutoka nifanyeje?

*

Mwambie mama nitapita kwake Jumatatu asubuhi. Awe na kitambulisho na funguo ya sanduku. Tutaulizia dirishani kwa jina lake.